Besi ya Mchomoko: Mwongozo wa Boksi la Faiba kwa Watu wa Kahama, Katoro na Geita

Ukitaka kujua kama boksi la spika limetengenezwa na mtu mwenye haraka, huna haja ya kulifungua. Simama kando ya barabara pale Katoro jioni, usubiri mchomoko, yaani Probox ya abiria, upite. Kinachokufikia kwanza ni namba ya gari ikigongana na bampa. Halafu kioo cha nyuma kinatetemeka. Halafu mlango wa buti. Besi yenyewe inafika mwisho, imevimba, haina pigo wala umbo, inanguruma tu kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Dereva amevaa sura ya mtu aliyeridhika. Ameweka sabufa ya inchi 12 ya bei mbaya ndani ya boksi la mbao lililopigiliwa misumari, lenye nyufa za kupitisha kidole, na sasa anaongeza sauti ili asisikie kasoro.

Duara la dhahabu likitema, kila mtu ana haki ya kufurahia jasho lake, na mziki mzuri ni furaha halali kabisa. Ninachokataa ni kuchoma pesa ya dhahabu kwenye kelele. Kwa pesa ileile, na kwa subira ambayo mchimbaji yeyote anayo, unaweza kutengeneza boksi la faiba nyumbani kwako likatoa besi safi na bado likakuachia nafasi ya mizigo. Nitakueleza namna.

Kwanza tuelewane kwa nini faiba. Probox ni gari la kazi. Tangu Toyota walitoe mwaka 2002, buti lake limekuwa sababu ya watu kulinunua, na huku kwetu ndilo linalobeba magunia ya mchele kutoka Kahama, madumu ya mafuta, mabegi ya watu wanaokimbilia rashi mpya ya dhahabu, na mara nyingine abiria ambao sheria haiwatambui. Boksi la mbao la pembe nne linakaa katikati ya buti na kula nusu yake. Lakini tazama ubavuni, nyuma ya tao la tairi: kuna kona yenye mikunjo ambayo hakuna gunia linaloingia. Kona ile haina kazi. Mbao haiwezi kuifuata kwa sababu imepinda kila upande. Faiba inaweza, kwa sababu inaingia ikiwa kitambaa na maji, inalala juu ya umbo la bodi, na inatoka ikiwa ngumu, imechukua sura ya gari lako na si la mtu mwingine. Ni ufundi uleule unaotoa boti za faiba katika Ziwa Victoria.

Pili, tuelewane boksi linafanya nini, maana wengi wanadhani ni sanduku la kushikilia spika isianguke. Spika inaposukuma hewa mbele, inavuta hewa nyuma. Hewa ya mbele na ya nyuma zikikutana, zinauana, na besi inapotea. Boksi linazitenganisha. Na kuna zaidi: mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alitoa spika iliyoitwa AR-1, ndogo kuliko makabati makubwa ya zama hizo, lakini yenye besi ya chini kuyashinda. Alichofanya ni kufunga boksi kabisa, hewa isiingie wala isitoke, ili hewa iliyofungiwa ndani igeuke springi ya kuirudisha spika mahali pake kila inaposukumwa. Elewa hapo na utaelewa kila hatua inayofuata. Boksi lenye ufa halina springi. Boksi laini linalopumua kama shavu halina springi. Na boksi lenye lita nyingi au chache kuliko inavyotakiwa lina springi isiyolingana na spika yake.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye karatasi iliyokuja na sabufa, ile ambayo fundi wako hufungia maandazi. Humo kuna herufi Fs, Qts na Vas. Ni vipimo vilivyotokana na kazi ya Neville Thiele wa Australia, aliyoichapisha mwaka 1961, na Richard Small aliyeiendeleza miaka ya 1970. Karatasi nyingi zinakurahisishia zaidi na kuandika moja kwa moja ukubwa wa boksi linalotakiwa. Kwa boksi lililofungwa, sabufa nyingi za inchi 10 zinataka kati ya lita 14 na 21, na za inchi 12 zinataka kati ya lita 23 na 35. Fuata karatasi ya spika yako. Mimi kwa mchomoko nashauri inchi 10, na nasimamia ushauri huo hata mbele ya vijana watakaonicheka: kona ya Probox inaibeba bila taabu, amplifaya ya wastani inaitosha, na abiria wa kiti cha nyuma anashuka akiwa bado anasikia.

Sasa manunuzi. Vitu vya faiba vinapatikana Mwanza kwa urahisi kuliko Geita, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, safari ya kwenda na kurudi haina tena foleni ya kivuko. Kwa boksi la lita 20 chukua resini ya poliesta kilo 5, na mkeka wa faiba wenye uzito wa gramu 450 kwa mita ya mraba, kama mita nne. Chukua hadena ya kukaushia resini, lita moja ya asetoni ya kuoshea brashi, brashi za bei rahisi za kutupa, glavu za mpira, tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi, foili ya jikoni, kipande cha MDF cha milimita 18, msasa namba 80, na puti ya mafundi bodi. Kwenye mitumba tafuta blanketi jepesi linalovutika. Usinunue jipya, litaishia ndani ya resini. Duka la dawa likupe bomba la sindano la kupimia hadena.

Hapa naomba usome polepole. Resini nyingine inauzwa ikiwa tayari imechanganywa na kichapuzi cha kobalti, nyingine unapewa kobalti kichupa pembeni. Kama ni ya pembeni, kobalti inaingia kwenye resini kwanza na kukorogwa hadi ipotee kabisa, ndipo hadena ifuate. Kobalti na hadena zisikutane peke yake kamwe, hata tone kwa tone, hata kwenye kijiko kimoja: zinalipuka. Hadena ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Vaa miwani, weka maji safi karibu, na ikitokea, osha jicho bila kukoma kwa dakika 15 au zaidi kisha nenda hospitali, hata kama maumivu yamepungua. Usiihamishie kwenye chupa ya soda. Nyumba zetu zina watoto, na mtoto anajua chupa ya soda ina nini.

Halafu barakoa. Watu wa Nyarugusu na Rwamgasa wanajua vumbi la mawe linavyomaliza mapafu, na maduka ya vifaa vya uchimbaji yanauza barakoa za vumbi. Hizo ni nzuri siku ya kusugua msasa. Hazizuii hata kidogo mvuke wa resini. Kwa mvuke unataka barakoa ya mpira yenye kichujio cha mkaa kwa ajili ya mvuke wa kemikali. Muulize muuzaji hivyo hivyo, na akikwambia zote ni sawa, nenda duka la pili. Fanyia kazi nje, chini ya mti au turubai, mbali na jiko la mkaa, kwa sababu mvuke wa resini na wa asetoni unashika moto. Na beseni au ndoo iliyowahi kukamatia dhahabu kwa zebaki usiiguse kwa kazi hii wala nyingine yoyote ya nyumbani. Ukisugua msasa, kilichomo utakivuta.

Siku ya kazi, amka mapema. Shinyanga saa nane mchana resini haikusubiri. Kila joto linapopanda nyuzi 10 hivi, muda wako wa kufanya kazi unapungua karibu nusu. Saa moja asubuhi ndiyo saa ya faiba. Ondoa plastiki na kapeti za buti, fagia vumbi lote, kisha bandika tepu ya karatasi kwenye kona nzima, mistari ikilaliana, upitishe sentimita 10 zaidi ya pale boksi litakapoishia. Juu ya tepu laza foili na uipake mafuta ya kupikia kidogo. Resini ikigusa rangi ya gari imeolewa nayo, hakuna talaka. Funika viti na sakafu kwa turubai.

Kata mkeka vipande vya ukubwa wa kiganja cha mkono hadi karatasi ya daftari. Vipande vikubwa vinakunjamana kwenye kona, na kila mkunjo ni kifuko cha hewa. Changanya resini kidogo kidogo: gramu 300 kwenye kikombe, na mililita 3 za hadena, yaani asilimia moja. Asubuhi ya baridi unaweza kufika asilimia moja na nusu. Ukikoroga, koroga dakika nzima, ukikwangua kuta na kitako cha kikombe, maana resini isiyokutana na hadena itabaki mbichi milele na itanuka gari lote.

Paka resini kwenye foili, laza kipande, kisha gonga kwa ncha ya brashi. Usiburute. Gonga. Mkeka mkavu ni mweupe kama pamba ya Shinyanga, na unapokunywa resini unaanza kupotea machoni, nyuzi moja moja, hadi unaona foili ikimeta chini yake. Weupe wowote unaobaki ni hewa, na hewa ni udhaifu. Rudi papo hapo, gonga hadi uondoke. Usizidishe resini pia. Nguvu iko kwenye nyuzi, resini inazishikilia tu. Uzito wa resini ukiwa mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wa mkeka, umefanya vizuri. Hapa ndipo fundi na mpiga kelele wanapoachana. Mpiga kelele anamwaga, anapaka, anakwenda kunywa chai. Fundi ameinama ndani ya buti, anatafuta vidoa vyeupe.

Kikombe kikianza kuwa kizito kama uji, acha. Usikilazimishe, na usikiache kimejaa mezani: resini iliyorundikana inajipasha moto yenyewe hadi kutoa moshi. Imwage kwenye bati, iwe nyembamba, ikaukie huko nje.

Tabaka mbili zinatosha kwa ndani ya gari. Ziache hadi kesho yake, kisha zing'oe taratibu ukianzia pembezoni. Umepata ganda lenye sura ya kona yako. Sasa ongeza tabaka nje ya gari, chini ya mti, kwa starehe. Tabaka moja ya mkeka huu inatoa karibu milimita moja, na ukuta wa boksi unataka milimita 5 hadi 6. Watu huishia tabaka tatu kwa sababu linaonekana gumu likigongwa kwa kidole. Kidole si sabufa. Ukuta mwembamba unapumua, na kila unachopoteza kwenye kupumua kwa ukuta ndicho ulichokusudia kukisikia.

Kwa uso wa mbele, kata pete ya MDF yenye tundu la ukubwa ulioandikwa kwenye karatasi ya spika. Isimamishe kwa vijiti vya mbao vilivyogundishwa kwenye ganda, spika itazame juu kidogo na kuelekea katikati ya gari. Vuta blanketi la mtumba kutoka kwenye pete hadi ukingo wa ganda, lipige stepla pande zote, likaze hadi lisiwe na kunyanzi hata moja. Lipake resini hadi liloe kabisa, liache likauke. Kisha ongeza mkeka kwa ndani, ukipitisha mkono kwenye tundu, tabaka nne au tano. Ni kazi ya kuchosha shingo na mvuke wake ni mkali kuliko wa mwanzo, kwa hiyo barakoa haivuliwi. Maungio ya ganda na uso, pamoja na maungio ya pete, yape resini iliyochanganywa na nyuzi zilizokatwakatwa hadi iwe nzito, uipakaze kama unaziba mtumbwi.

Kisha pima. Hapa ndipo mikoa yetu ina neema kuliko mafundi wa nchi zilizoendelea, maana kila penye mashine ya kukoboa mpunga, kuanzia Kahama hadi Shinyanga mjini, kuna kilima cha pumba ambazo mwenye mashine anakushukuru ukimpunguzia. Jaza boksi pumba kupitia tundu la spika, likung'ute zishuke, jaza tena. Zimwage kwenye ndoo ya lita 20, nayo ukiikung'uta vilevile. Ukijaza ndoo moja na kubakiza robo, una lita 25. Toa lita chache zinazoliwa na mwili wa spika yenyewe. Ukiona boksi ni kubwa kuliko inavyotakiwa, gundisha vipande vya mbao ndani hadi lita zishuke. Likiwa dogo, itabidi ukate uso uupandishe. Ndiyo sababu nasisitiza vijiti vya pete vipimwe kwa mfano wa karatasi uliokatwa kwa mkasi kabla ya kuvuta blanketi. Pumba zilizotoka humo zisirudi kwa kuku.

Kuvuja pima anavyopima fundi wa pancha. Funga spika kwa skrubu na gasketi yake, paka povu la sabuni kwenye maungio yote na tundu la waya, kisha sukuma koni polepole kwa viganja viwili. Povu likibubujika mahali popote, ziba. Koni inayorudi taratibu imefungiwa hewa vizuri. Inayorudi mara moja bila upinzani, bado ina njia ya kupumulia.

Puti, msasa na kapeti sitavizungumza sana. Mafundi bodi wamejaa kila mji, na uzuri wa nje hauongezi besi. Geuza nguvu kwenye waya, kwa sababu huko ndiko magari yanakoungulia.

Amplifaya ya wati 500 za kweli inavuta karibu ampea 45 inapopiga kwa nguvu. Inataka waya wa shaba wa milimita za mraba 16 kutoka kwenye betri, na fyuzi ya ampea 60 isiyozidi sentimita 45 kutoka kwenye betri yenyewe. Fyuzi iliyowekwa kule kwenye buti inalinda amplifaya. Waya mrefu uliopita chini ya kapeti, chini ya miguu ya abiria, hauna mlinzi. Waya wa hasi uwe mfupi, ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi hadi king'ae. Na kabla ya kulipia waya, kwangua ncha kwa kisu mbele ya muuzaji. Shaba ni nyekundu hadi moyoni. Ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, na inabeba umeme mdogo kuliko unene wake unavyoahidi. Gari likiwa linaunguruma, weka mita kwenye betri na upige wimbo wenye besi. Volti zikishuka chini ya 13 kila besi inapopiga, oltaneta imezidiwa. Punguza sauti, usinunue betri ya pili.

Kurekebisha sauti, anzia kwenye amplifaya: kata sabufa isipande zaidi ya hezi 80, kisha pandisha nguvu taratibu kutoka sifuri. Mahali pa kusimama panajulikana na sikio la mtu aliyewahi kuhudhuria ngoma za Kisukuma, pale makundi ya Bagika na Bagalu yanaposhindana mavuno yakiisha. Ngoma kubwa ya kule inasikika mbali sana, na bado kila pigo lina mwanzo wake na mwisho wake. Hayagandani. Nimesikia ngoma hizo bila waya wala betri zikinyamazisha uwanja uliojaa watu, na ndizo kipimo changu. Besi yako ikiacha kuwa mapigo na kuwa mngurumo, umepita. Rudi nyuma.

Rudi pia kwa ajili ya masikio. Sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa nane. Kila zikiongezeka desibeli tatu, muda huo unakatika nusu, na kwenye desibeli 100 umebaki na dakika 15. Mtu aliyeshinda kwenye karasha ya mawe ya Mgusu ameshatumia saa zake nane kabla hajapanda gari lako. Bibi anayepelekwa zahanati hakuja disko. Akisema, "Mwanangu, punguza kidogo," jibu ni "Sawa bibi," na mkono unakwenda kwenye redio papo hapo. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo zinamlinda pia anayelala kando ya barabara, na usiku ni wake.

Mwisho, boksi lifungwe. Pamoja na spika lina kilo 15 au 20, na gari likigonga, kilo hizo zinaruka kwenda kwenye kisogo cha abiria wa nyuma. Pitisha boliti nne za milimita 8 kwenye chuma cha bodi, si kwenye plastiki, kila moja na washa pana pande zote mbili, na hakikisha chini hakuna bomba la mafuta wala la breki kabla hujatoboa. Weka jeki na tairi la akiba mahali unapoweza kuvitoa bila kugusa boksi. Halafu chukua kipande cha sponji, kibandike nyuma ya namba ya gari.